Siku Nane Nyuma ya Binti

Mtaa mzima ulimwita Breki, mkewe naye alimwita Breki, na yeye mwenyewe akimpigia mtu simu alijitambulisha hivyohivyo, Mwalimu Breki, bila kuona kama kuna la kuchekesha hapo. Jina lilitokana na mguu wake wa kulia. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa amekaa kwenye kiti cha pembeni cha gari dogo jeupe la kufundishia udereva, mbele ya pedali ya ziada aliyofungiwa na fundi ili aweze kulisimamisha gari mwanafunzi anapochanganyikiwa. Kwa miaka hiyo yote mguu ule ukazoea kukandamiza bila kumwomba mwenyewe ruhusa. Ulikandamiza chini ya meza mkewe alipomimina chai kwa haraka. Ulikandamiza kwa kinyozi wembe ulipokaribia sikio. Kwenye harusi ya jirani, bwana harusi alipoinama kumbusu bibi harusi, Breki aliyekuwa kiti cha mbele alikanyaga sakafu kwa kishindo hadi mpiga picha akashtuka. Picha ile ipo mpaka leo, na bibi harusi ndani yake anamwangalia Breki.

Na mdomo nao ulifuatana na mguu. Taratibu, tazama kioo, kaa kushoto, nimesema kushoto. Kutwa nzima aliwamwagia wanafunzi maneno hayo na hakuna aliyemlaumu, maana mtu anapokwenda kujifunza udereva amekwenda kuambiwa. Tabu ilikuwa jioni. Akishavuka kizingiti cha nyumba yake maneno yalikuwa bado yamemjaa mdomoni, na ilibidi yamwangukie mtu. Mkewe, nesi wa wodi ya wazee, alikwishaelekezwa namna ya kukata kitunguu, namna ya kufungua dirisha na namna ya kuvaa viatu alivyovaa miaka mitatu. Yeye alikuwa na dawa yake. Alimtazama mume kwa jicho lile la kumtazama mgonjwa aliyegoma kumeza vidonge, kisha akaendelea kukata kitunguu vilevile. Neno moja tu la Breki lilitiiwa na kila mtu nyumbani, nalo ni "simama." Akilitamka hilo, mke, binti na hata mgeni waliganda hapohapo walipo, kwa mazoea tu.

Binti yao wa pekee hakuwa na subira ya mama yake. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu, mrefu, na kidevu cha baba yake kabisa, kile kidevu cha mtu asiyerudi nyuma. Udereva alianza kufundishwa na baba, akaanguka mtihani mara mbili. Ndipo mjomba wake, kaka wa mama, ambaye ni mwoka mikate, akamchukua wiki tatu kwenye gari lake la kusambazia mikate, na binti akafaulu. Breki aliposikia habari ile alisema hongera, akaenda uani akaosha gari ambalo lilikuwa safi. Baadaye binti alisomea hiyo kazi ya ualimu wa udereva, akapata cheti, na hapo Breki akapata matumaini makubwa mno.

Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja kilichobanana na duka la matairi. Ndani mlikuwa na meza iliyochorwa barabara kwa rangi nyeupe, magari ya kuchezea saba ya kuwaonyeshea wanafunzi nani anapita kwanza kwenye mzunguko, na ukutani mabango ya alama za barabarani yaliyopauka kwa jua. Uani, chini ya turubai la bluu, palikuwa na gari la pili. Alilinunua mwaka uliopita, akalifungia pedali ya ziada, akaliandika jina la shule mlangoni, na tangu hapo lilikuwa likiwashwa kila Ijumaa ili betri isife. Lilikuwa likimsubiri binti. Sasa binti naye akapata barua kutoka kampuni ya mabasi katika mji mwingine, mwendo wa siku nzima kwa basi lenyewe, wakimtaka akawafundishe madereva wao. Alitakiwa kujibu kabla mwezi haujaisha.

Breki aliogopa. Tusimpambe, aliogopa kweli. Lakini mtu aliyezoea kuelekeza akiogopa huzidi kuelekeza, na wiki ile nyumba haikukalika. Alimwambia binti ajibu vipi hiyo barua, aijibu lini, kwa kalamu ya rangi gani. Siku ya tano, wakiwa mezani, binti aliweka kijiko chini.

"Baba, kuna njia ya milimani tuliyopita na wenzangu wa chuo. Ni siku nane kwa miguu, kilomita mia na kumi. Twende wote. Mimi naongoza, wewe unafuata. Ukimaliza bila kunielekeza hata mara moja, nabaki hapa. Ukinielekeza mara moja tu, nakwenda kwa watu wa mabasi, na usinilaumu."

Breki alikubali kabla binti hajafunga mdomo. Mkewe alimtazama, akatazama dari, akaenda kuomba likizo. Mjomba mwoka mikate hakualikwa, ila alipopata fununu alifunga tanuri, akampa msaidizi wake funguo na kuja na begi lake mwenyewe, akisema jambo kama lile haliwezi kufanyika bila refa. Refa akajiteua. Alileta filimbi. Masharti aliyatunga yeye, akayasoma kwa sauti barazani: Breki haruhusiwi kumwamuru binti, kunyoosha kidole, kuguna kwa maana, wala kukohoa kwa maana. Anaruhusiwa kusema ameshiba, ana njaa, anasikia baridi. Breki aliuliza kikohozi cha kawaida kitatofautishwaje na kikohozi cha maana, na shemeji yake akamjibu kwamba kwa uzoefu wake wa miaka ishirini na tano, Breki hajawahi kukohoa kikohozi cha kawaida.

Basi wakaenda. Mwanzo wa njia ulikuwa nyuma ya kibanda cha walinzi wa msitu, na hapo walivaa mabegi yao. Binti alibeba hema moja na chungu, mama akabeba dawa na hema la pili, Breki akabeba jiko dogo la gesi, maharage na nguo za watu wote, na mjomba akabeba mikate kumi na miwili, kwa kuwa hakuamini mikate ya watu wengine. Njia ilijulikana kwa alama za rangi ya njano zilizopakwa kwenye mawe na mashina ya miti. Binti alitangulia, mama akafuata, kisha mjomba, na Breki nyuma kabisa, mahali ambapo hakuwahi kukaa tangu aanze kazi.

Saa ya kwanza alidhani atakufa. Binti alikanyaga jiwe lenye ukoko wa kijani, jiwe lile ambalo hata mtoto angejua linateleza, na Breki akauma ulimi. Binti aliruka kijito badala ya kuzunguka, na mguu wa Breki ukakandamiza tope. Kila binti aliporuka, Breki alikandamiza, na hadi walipokaa kula mkate wa kwanza, kiatu chake cha kulia kilikuwa kimebeba tope maradufu ya cha kushoto na alianza kuchechemea kwa uzito wake. Mjomba hakumwonea huruma. Alirudi nyuma mara kwa mara kumnong'oneza kwamba mtoto kainama vibaya pale, au kwamba begi la mtoto limekaa upande, shemeji huoni kweli? Breki alimjibu kwamba yeye haoni kitu, macho yake yamekuwa mabovu tangu asubuhi.

Mchana walikutana na mbuzi kama thelathini wakipandishwa malishoni, na hapo mwalimu wa watu akapasuka. Aliwasimamia wale mbuzi kwa robo saa nzima. Alimwambia dume mweusi ashike upande wake wa kushoto, akamkaripia jike mmoja kwa kupita mwenzake kwenye kona, akawasifu wadogo wawili waliosubiri zamu yao penye daraja la miti. Mchungaji alimsikiliza kwa heshima, kisha akauliza kama huyu mzee ni mtu wa serikali. Mjomba alipuliza filimbi, wakajadili, ikaamuliwa kwamba mbuzi hawamo kwenye masharti. Breki alitoka pale uso umemng'aa, akatembea vizuri hadi walipopiga kambi.

Siku ya pili aliona jambo ambalo asingeliona akiwa mbele. Kila baada ya hatua mia hivi, binti aligeuka akawatazama wote watatu, mmoja mmoja, kisha akaendelea. Mama akichelewa, binti alipunguza mwendo bila kusema kitu, akijifanya anakaza kamba ya kiatu. Breki hakuwa amemfundisha hayo, na mjomba naye hakuweza kumfundisha, kwa jinsi mjomba anavyoendesha gari la mikate. Alitaka kumwambia kitu. Alilitafuta neno njia nzima, na kila alilolipata lilikuwa amri: geuka hivyohivyo, punguza hivyohivyo, endelea. Akayameza yote. Alijisikia vibaya sana kugundua kwamba hata kusifu alikuwa hajui kusifu bila kuelekeza.

Siku ya tatu ndiyo ile ambayo familia inaisimulia kila wanapokusanyika, na kila mtu huisimulia kwa namna ya kujitoa lawamani. Palikuwa na njia panda chini ya mti ulioanguka. Alama ya njano ilikuwa kulia, kwenye jiwe, imefunikwa nusu na majani. Binti hakuiona, akashika kushoto. Mama alikuwa akihangaika na kishikizo cha begi lake, akamfuata. Mjomba alikuwa akieleza habari za hamira, akafuata. Breki aliiona. Aliiona wazi kabisa, akasimama mbele yake kama mtu aliyekuta pochi barabarani, akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akameza mate na kufuata wenzake kushoto.

Walitembea kwa saa nne. Njia ilipanda, ikapanda zaidi, ikawa ya mawe, ikawa pana ajabu, na mwisho ikafika kwenye uzio wa waya. Ndani ya uzio mlikuwa na mnara mrefu wa simu na mlinzi mmoja kwenye kiti cha plastiki. Mlinzi alinyanyuka kwa furaha kubwa. Aliwauliza kama ndio mafundi wa mtambo, kwa kuwa amewasubiri tangu mwezi uliopita, na alipoambiwa kwamba ni watu wa kutembea tu, aliwatazama na mabegi yao akauliza wanatembea kwenda wapi, maana hapo ndipo dunia inapoishia.

Binti alikaa chini. Alichomoa ramani, akaigeuza, akaigeuza tena, akasema ni kosa lake, hakuona alama popote. Mama akasema hata yeye hakuona. Mjomba akasema hakuona. Kisha wote wakageuka kumtazama Breki, ambaye alikuwa akishughulika sana na tope la kiatu chake.

"Baba," binti alisema, "wewe uliiona?"

"Niliiona."

"Wapi?"

"Kule kwenye mti ulioanguka. Ilikuwa kulia."

Mlinzi akarudi kwenye kiti chake. Mama ndiye aliyeanza. Alicheka hadi akavua begi, akacheka hadi akalilalia, akawa anafuta machozi kwa upande wa khanga huku akisema miaka yote hii, miaka yote hii ameomba anyamaze siku moja tu, na siku yenyewe ndiyo hii. Binti hakucheka. Aliikunja ramani kwa hasira.

"Nilikwambia usinielekeze," alisema. "Sikukwambia uniache nipotee."

"Tofauti yake ni nini?" Breki aliuliza, na hakuwa akibisha. Alikuwa anauliza kweli, anataka kujua.

Refa mwenyewe aliomba muda. Mama alisema ingefaa waongeze sharti jipya, la hatari na la kupotea, lakini binti akakataa katakata, masharti ni yaleyale. Kidevu kile. Mlinzi aliwapa maji, wao wakampa mkate mzima, wakashuka saa nne zilezile kurudi walikotoka, na hakuna aliyesema neno ila mjomba, ambaye alimalizia habari za hamira.

Siku ya nne na ya tano zilipita kwa malengelenge na mvua nyepesi. Kila asubuhi Breki alitoka hemani macho mekundu, kwa sababu shemeji yake alikoroma kwa gia zote tano, na mama alikagua miguu ya kila mtu kama anavyokagua wodi yake, akipaka dawa na kukemea kucha. Ahadi ilikuwa haijavunjika. Breki alianza kuhesabu. Bado siku tatu, kisha binti atakaa kwenye gari la pili, atakuwa anamsikia akicheka na wanafunzi nje ya ofisi, watakunywa chai ya saa nne pamoja kwenye ile meza yenye barabara. Aliyawaza haya akipanda, na kupanda kukawa kwepesi.

Siku ya sita walivuka mgongo wa mlima. Upande wa pili hapakuwa na msitu wala njia ya kueleweka, ila mteremko mrefu wa changarawe na mawe madogo, mkavu, ulioshuka hadi kwenye kijito kinachong'aa huko chini. Binti alieleza namna ya kushuka: visigino kwanza, magoti yalegee, kila mmoja amwache mwenzake mbali. Alianza yeye. Mama akafuata, mjomba akafuata. Breki alikuwa wa mwisho, juu kabisa, na aliwaona wote watatu chini yake, watu wote aliokuwa nao duniani, wakiteremka kwenye mawe yanayotembea. Jiwe moja likamtoka mama chini ya kiatu, likabiringika likampita binti. Breki aliona jiwe, hakuona kingine.

"Simama!"

Wakasimama. Loo, walisimama sawasawa. Mke aliganda mguu mmoja ukiwa hewani, binti akaganda, mjomba akaganda na kipande cha mkate mdomoni. Mlima mzima ulitii, isipokuwa mtu mmoja. Breki kwa kupaza sauti ile alikuwa amekandamiza kwa mguu wa kulia, kwa nguvu zake zote, na changarawe ya chini ya mguu ule ikaondoka naye. Alikaa chini. Kisha akaanza kushuka akiwa amekaa, polepole mwanzoni, halafu kwa mwendo ambao hajawahi kumruhusu mwanafunzi yeyote. Alimpita mjomba. Alimpita mkewe, ambaye alimfuata kwa macho bila kushusha ule mguu. Alimpita binti yake akiwa bado anakandamiza, kwa miguu yote miwili sasa, na kila alivyokandamiza ndivyo alivyozidi kwenda. Alikuja kukwamia kwenye kichaka kikavu, hatua kama hamsini chini yao, suruali ikiwa imebaki upande wa mbele tu.

Filimbi ililia. Kutoka juu mjomba alitangaza kwamba neno limesemwa, limesikika, na limetiiwa. Breki, akiwa ndani ya kichaka, alipiga kelele kwamba alikuwa akijiambia mwenyewe. Mjomba akajibu kwamba kama alijiambia mwenyewe, basi ndiye pekee aliyekaidi.

Binti alimfikia wa kwanza. Alimpapasa mikono, magoti, mgongo, akauliza panauma wapi, na Breki akasema hapaumi mahali pa kutajika. Alipojaribu kusimama miguu ilimkataa. Haikuvunjika, ila chini yao mteremko ulikuwa bado haujaisha. Alikishika kile kichaka kwa mikono miwili akasema yeye haendi popote. Wamletee chakula hapo.

"Umenielekeza, baba," binti alisema, akakaa kwenye changarawe pembeni yake. Hakusema kwa ukali. Alionekana kama mtu aliyeshinda kitu ambacho hakukitaka.

"Nimekuelekeza," Breki alisema. "Najua. Nenda kwa watu wako wa mabasi." Kisha maneno yakatoka bila mpangilio, bila kushoto wala kulia. "Sitaki uende. Nimeogopa tangu ile barua ifike. Lile gari la pili naweza kuajiri mtu yeyote, gari si kitu. Nakutaka wewe. Nikikusikia mlangoni jioni ndiyo najua siku imeisha vizuri. Sijui nitafanya nini nyumba ile ikikaa kimya."

Mama alikuwa ameshafika, akasimama juu yao akihema, mikono kiunoni. Alisema kwamba ameolewa na mtu huyu miaka ishirini na tano na hajapata kusikia sentensi ndefu namna ile isiyo na amri ndani yake. Binti aliokota kijiwe, akakitupa, akaokota kingine, na Breki akaona kwamba machozi yanamtiririka.

"Hukuniambia hivyo," alisema. "Mwaka mzima, baba. Ulikuja na funguo ukasema, 'Jumatatu saa mbili kamili uwe ndani ya gari.' Nilisubiri uniulize. Ile barua nilikuachia mezani kwa makusudi, nikasema labda sasa ataniuliza. Ukaniambia niijibu kwa kalamu nyeusi."

Breki alimtazama mkewe, na mkewe akainua mabega kuonyesha kwamba ndivyo ilivyokuwa.

"Ningekuuliza ungekubali?"

"Ungeniuliza tusingetembea huku kote."

Mjomba aliyekuwa akishuka kwa matako kwa hiari yake aliwafikia wakati ule, akauliza ni nani kafa. Alipoelezwa, alisema basi amwulize sasa, kuna nini cha kungoja, na mkate umekwisha. Breki alisafisha koo. Alisema, "Njoo ufanye kazi na mimi." Mama alitikisa kichwa, hiyo ni amri. Akasema, "Utakuja kufanya kazi na mimi." Hiyo nayo amri, tena iliyopangiwa tarehe. Akasema, "Nadhani ingekuwa vizuri uje," na mjomba akaikubali lakini mama akaikataa. Jasho lilimtoka mwalimu wa watu kuliko alipokuwa anateleza. Mwisho alikiachia kile kichaka, akageuka kumtazama binti yake usoni.

"Mwanangu, unapenda kufanya kazi na mimi?"

"Nitakujibu tukifika mwisho wa njia," binti alisema, akafuta uso kwa mkono wa koti. Akamshika mkono baba yake, akamshusha, hatua moja moja, bila kumwambia aweke mguu wapi. Kila Breki alipouliza aukanyage wapi, binti alimwambia atazame mwenyewe kisha achague, na alipochagua vibaya alimshika.

Siku mbili zilizobaki Breki alikuwa huru kusema chochote, kwa kuwa ahadi ilikwisha, na hakusema. Alitembea nyuma akiwa amejifunga koti la shemeji kiunoni kuficha yaliyotoka. Hakunyamaza kwa ushujaa. Aliogopa jibu, na mtu anayesubiri jibu hana nafasi ya kuwapanga wenzake. Mara moja tu, penye njia panda, alisema kwamba kule juu ya jiwe anaona rangi ya njano. Mjomba akapuliza filimbi kwa mazoea. Binti akatazama jiwe, akasema asante, akashika njia hiyo.

Mwisho wa njia ulikuwa geti la chuma, kibanda cha kuuza soda na benchi la mbao. Mama alikaa akavua viatu na kunyoosha miguu juani. Mjomba aliingia kibandani kukagua mikate, akatoka akiwa amekasirika. Binti alisimama mbele ya benchi begi likiwa bado mgongoni, na Breki akasimama mbele yake, mikono ikimning'inia, asijue pa kuiweka.

"Watu wa mabasi nitawaandikia leo," binti alisema. "Nitawaambia nimepata kazi nyumbani."

Breki aliitikia kwa kichwa kwamba amesikia.

"Lakini Jumatatu siwezi. Miguu imekwisha, nitalala. Nitaanza Jumanne."

Jumatatu kulikuwa na wanafunzi watano, na wawili kati yao walikuwa na mtihani. Mkewe kwenye benchi alifumbua jicho moja kumtazama.

"Jumanne saa ngapi?" Breki aliuliza.

"Saa tatu."

"Sawa," alisema Breki, ambaye kwa miaka ishirini na sita hakuwahi kumruhusu mtu kuanza kazi baada ya saa mbili kamili, akamzunguka binti yake na kumpokea begi.